Kupanga alamu na ishara za dijitali kwenye kontrola ya joto ya maabara: mwongozo kamili kwa tulio kando ya ziwa

Alamu ya maabara ina kazi moja tu: kumwamsha mtu kabla sampuli hazijaharibika. Alamu nyingi ninazozikuta kwenye inkubeta, friji na mabafu ya maji hapa Mwanza haziwezi kazi hiyo, kwa sababu zinategemea umeme uleule ambao kukatika kwake ndiyo hatari yenyewe. Umeme ukienda, kontrola (kile kisanduku kinachosoma sensa na kuendesha hita au kompresa) inazima, king'ora kinanyamaza, na friji inapanda joto kimyakimya mpaka watu waingie kazini asubuhi.

Ziwa nalo lina tabia yake. Mvua za radi za Ziwa Victoria hupenda usiku: upepo wa nchi kavu unashuka kutoka pande zote, unakutana juu ya maji, mawingu yanajengeka, na kabla ya alfajiri radi zinafika pwani. Kwa hiyo saa ambazo umeme unayumba zaidi ndizo saa ambazo maabara haina mtu. Mwongozo huu umepangwa kuanzia kwenye usiku wa namna hiyo. Alamu ikiweza kulia kontrola ikiwa imezimika kabisa, mengine yote ni kurekebisha namba.

Karatasi kwanza, vitufe baadaye

Muulize anayekitumia kifaa kila siku, si msimamizi wake: kazi hii inavumilia joto gani, na kwa muda gani? Yaandike yote mawili.

Inkubeta ya kuotesha bakteria kwa nyuzi 37 kwa kawaida inaruhusiwa kuyumba nyuzi 1 juu au chini. Maabara inayotafuta Salmonella kwenye minofu ya sangara itakuwa pia na inkubeta ya nyuzi 41.5, nayo ni 1 juu, 1 chini. Usione ni mambo ya karatasi tu. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, na hofu ya Salmonella ilikuwa miongoni mwa sababu. Gumu kuliko yote ni bafu la kupimia koliformu za kinyesi (bakteria wanaoashiria uchafu wa kinyesi) kwenye maji ya ziwa kwa kuchuja na utando: nyuzi 44.5, na njia ya Kimarekani inaruhusu 0.2 tu. Friji ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ni kati ya 2 na 8.

Muda nao una upande. Vifaa vya kurekodi joto la chanjo vinavyofuata vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) hulia joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, lakini likishuka hadi −0.5 vinalia baada ya dakika 60. Kuganda kunaua haraka kuliko kupata joto kidogo. Friji yako ya maabara huenda ikahitaji muda mfupi zaidi ya huo, ila usiweke dakika zilezile pande zote mbili kwa sababu tu ni rahisi kukumbuka.

Baada ya hapo angalia sensa. Pt100 (sensa ya platini ambayo ukinzani wake wa umeme hupanda joto likipanda) ya daraja B kwenye nyuzi 44.5 inaruhusiwa kukosea kama nyuzi 0.5, ya daraja A kama 0.24. Maana yake ni kwamba alamu ya 0.2 kwenye bafu la koliformu haina thamani yoyote mpaka uisahihishe sensa hiyo kwa kipimajoto chenye cheti, palepale kwenye 44.5, kisha uingize tofauti kwenye kontrola. Fanya hivyo kabla ya kupanga alamu. Hakikisha pia kontrola imeambiwa aina ya sensa iliyofungwa: Pt100 iliyosomwa kama themokapo (sensa ya nyaya mbili za metali tofauti) itakupa namba zisizo na kichwa wala miguu.

Kuchagua aina ya alamu

Hamisha sampuli kwanza. Kwenye kontrola nyingi, zikiwemo za Omron, ukishikilia kitufe ukaingia ngazi ya usanidi, kontrola inaacha kudhibiti joto mpaka utoke. Ukikaa humo unahangaika na mipangilio, inkubeta inapoa.

Kuna familia mbili za alamu. Alamu kamili inaangalia joto lenyewe: umeiambia 8, italia kwenye 8, joto lengwa liwe lolote. Alamu ya tofauti inahesabu kutoka kwenye joto lengwa: umeiambia 1, na lengo ni 37, italia kwenye 38.

Hapa ndipo kosa ninalolikuta kuliko yote linapojificha. Kwenye Omron E5CC, kwa mfano, aina namba 2 ni ukomo wa juu wa tofauti, na namba 8 ni ukomo wa juu kamili. Fundi anapewa friji yenye lengo la nyuzi 5, anaambiwa ilie ikifika 8, anaandika 8 kwenye sehemu ya thamani na kuiacha aina ikiwa 2. Friji hiyo italia ikifika 13. Skrini inaonyesha 8, kila anayekagua anaona 8, na miaka inapita. Kontrola za kampuni nyingine zina namba zao, kwa hiyo fungua kitabu chake. Usinakili namba kutoka kwenye kontrola ya jirani.

Kwa friji na friza tumia alamu kamili, ya juu na ya chini. Kwa inkubeta tumia alamu ya tofauti, pande zote mbili, kwa kuwa watu hubadilisha joto lengwa kulingana na kazi. Kisha ongeza alamu kamili ya juu kama ulinzi wa mwisho.

Mwanya wa kuzimia, yaani joto linatakiwa kurudi nyuma kiasi gani ndipo alamu inyamaze, uwe 0.3 hivi kwa inkubeta na 0.1 kwa bafu la 44.5. Ukiwa sifuri, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) itagonga tik-tik-tik ukingoni mpaka iungue. Muda wa kusubiri, yaani joto likae nje ya mipaka kwa muda gani ndipo alamu ilie, unategemea mlango: fungua kama wanavyofungua wao, acha wachukue wanachochukua, funga, pima inarudi baada ya dakika ngapi, ongeza kidogo. Kwenye friji, chovya ncha ya sensa kwenye kichupa cha gliserini. Itasoma joto linalokaribia la vitu vilivyomo badala ya upepo wa mlango, nawe utaweza kupunguza muda wa kusubiri.

Rilei inayoachia, si inayovuta

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Rilei ina koili na kontakti. Kwenye kontakti utaona COM, NO na NC. Koili ikiwa haina umeme, COM imeshikana na NC. Koili ikipata umeme, COM inahamia NO. Kontrola nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuivuta rilei, yaani kuipa koili umeme, alamu inapotokea. Ndiyo maana umeme ukikatika hakuna kinachotokea: hakuna nguvu ya kuvuta.

Geuza. Kwenye mpangilio wa tokeo la alamu, chagua kwamba kontakti ifunguke alamu ikitokea. Sasa rilei inabaki imevutwa muda wote hali ikiwa njema, na inaachia likitokea lolote kati ya haya: joto limetoka nje ya mipaka, sensa imekatika, kontrola imekufa, au umeme umekwenda.

Shida inayofuata ni kwamba kontrola ndogo nyingi zina COM na NO pekee. NC haikutolewa nje. Dawa yake ni rilei ya pili ya volti 12 yenye miguu mitano. Chukua chanya ya betri, ipitishe kwenye fyuzi ya ampia 2 iliyo karibu na betri yenyewe, ingiza kwenye COM ya kontrola. Kutoka NO ya kontrola nenda kwenye koili ya rilei ya pili, na upande wa pili wa koili urudi hasi. Chanya ileile iliyopita kwenye fyuzi ipeleke pia COM ya rilei ya pili, na kutoka NC yake nenda kwenye king'ora, kisha hasi. Mambo yakiwa sawa, koili ya pili imevutwa na king'ora kimetulia. Kontrola ikiachia kwa sababu yoyote, rilei ya pili inaanguka na king'ora kinalia kwa nguvu ya betri.

Usisahau dayodi (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na koili. Ya aina ya 1N4007 inatosha, na ule mstari mweupe uelekee chanya. Bila dayodi, kila koili inapokatwa inarusha cheche inayokula kontakti ndogo iliyo ndani ya kontrola. Kama koili yako ni ya volti 230 za AC, dayodi haifai. Weka kapasita na rezista zilizounganishwa pamoja kwa kazi hiyo.

Betri ya asidi ya volti 12, ampia-saa 7, iliyoungwa kwenye chaja yake, inatosha king'ora cha nusu ampia. Kwa hesabu ya karatasi ni saa 14. Wewe tegemea nusu yake, maana betri za namna hii huchakaa haraka kwenye vyumba vya joto.

Kipengele kinachonyamazisha alamu bila kukuambia

Karibu kila kontrola ina alamu za aina mbili zinazofanana jina, moja ikiwa na kile ninachokiita subira ya kuwasha. Yenye subira haitalia kifaa kinapowashwa mpaka joto liingie kwanza ndani ya mipaka; kuanzia hapo ndipo inakuwa macho. Wazo ni zuri kwa inkubeta baridi: hutaki kelele dakika zote inapopanda kutoka 25 hadi 37.

Sasa ipeleke subira hiyo kwenye friji usiku wa radi. Umeme unakatika saa nane usiku, friji inapanda hadi 11. Umeme unarudi saa kumi, kontrola inawaka, lakini kompresa imegoma kwa sababu ya volti iliyopanda ghafla. Kontrola inasoma 11, inajiambia "bado nawaka, nisubiri nishuke kwanza", na haitalia tena. Joto haliwezi kushuka, kwa hiyo subira haiishi.

Kwenye friji na friza, usitumie subira kamwe. Kwenye inkubeta ikubali kwa alamu ya chini peke yake, na uiongezee muda wa kusubiri. Alamu ya juu ibaki bila subira. Mimi hata hiyo ya chini siipendi sana. Bora usumbufu wa kelele za asubuhi mbili tatu kuliko hita iliyokufa kimya.

Kipengele cha kung'ang'ania, yaani alamu iendelee kulia mpaka mtu aibonyeze hata kama joto limerudi, kiwashe kwa friji. Ila ujue kwamba kwenye kontrola nyingi king'ang'anizi hicho kinafutika umeme ukizimwa na kuwashwa, kwa hiyo tukio la usiku linaweza kujifuta lenyewe. Weka ndani kipimajoto kidogo chenye betri yake kinachohifadhi joto la juu na la chini kabisa.

Kukata hita

Kelele haizimi moto. Hita nyingi za inkubeta na mabafu zinaendeshwa na rilei ya elektroniki, ile SSR ya mraba yenye taa ndogo. SSR ikifa, mara nyingi inakufa ikiwa imefunga: umeme unapita, kontrola ikipenda isipende. Alamu ya juu kamili inapaswa kukata umeme wa hita kwa njia nyingine kabisa.

Weka kontakta (rilei kubwa ya kukatia mzigo mzito) kabla ya SSR kwenye njia ya umeme wa hita. Koili ya kontakta ipite kwenye tokeo la pili la alamu, lililopangwa kufunguka alamu ikitokea kama tulivyofanya juu. Soma kiwango cha kontakti za kontrola yako. Nyingi ni ampia 2 au 3 kwa mzigo wa kawaida, zinatosha koili ya kontakta lakini hazitoshi hita. Juu ya hayo, thamostati ya kimitambo yenye kitufe cha kurudisha kwa mkono, iliyojitegemea na sensa yake, iwepo. Kama kifaa kilikuja nayo, usiiruke kwa waya eti inasumbua.

Kwa bafu la kuchemsha kuna jambo la kwetu. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka karibu nyuzi 96. Alamu ya joto la juu iliyowekwa 98, iliyonakiliwa kutoka kwenye mwongozo wa watu wa pwani, haitalia maji yakiwemo. Italia maji yakiisha na hita imeanza kuungua. Bafu la namna hiyo linalindwa na kimo cha maji, na hiyo ni kazi ya ingizo la dijitali.

Maingizo ya dijitali

Ingizo la dijitali ni skrubu mbili zinazosubiri kuunganishwa au kuachanishwa. Kwenye kontrola nyingi hutakiwi kupeleka umeme wowote hapo. Yenyewe inatoa volti kidogo na kuangalia kama njia imefungwa. Ukizigusisha na volti 230 umenunua kontrola nyingine.

Matumizi matatu yanastahili. La kwanza ni boya la kimo cha maji: maji yakishuka, hita isimame. Lifunge ili boya liwe limefunga njia maji yakitosha, na kontrola isimamishe hita njia ikifunguka. Panya akikata waya, hita inasimama. Ukiunga kinyume, waya ukikatika kontrola itaamini maji yapo milele.

La pili ni swichi ya mlango. Chagua ya sumaku iliyofungwa ndani ya kioo. Hewa ya ziwa ina unyevu, na wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku huingia kila penye upenyo na kufia humo. Swichi ya wazi haidumu. La tatu ni kitufe cha kukiri alamu, kiwekwe pale mlinzi anapofika. Kinyamazishe sauti tu. Kisifute alamu yenyewe wala kisirudishe hita.

Nyaya za sensa na za maingizo zipite mbali na nyaya za hita, ziwe na ngao ya matundu, na ngao hiyo iunganishwe ardhini upande mmoja tu, wa kontrola. Kontrola ikibadilisha hali bila mtu kugusa kila radi inapopiga, anzia hapo.

Kama kontrola ina RS-485 (njia ya nyaya ya kupitishia data), unaweza kukusanya joto la vifaa vyote kwenye kompyuta moja kwa Modbus, yaani lugha ambayo vifaa hivyo huzungumza juu ya nyaya hizo: kila kifaa anwani yake, kasi moja kwa wote, rezista ya omu 120 kila ncha ya mstari. Ni nzuri kwa kumbukumbu. Usiifanye kuwa alamu yako, kwa sababu kompyuta nayo inalala.

Simu na mlinzi

Kifaa cha kutuma SMS chenye laini ya simu kinapokea kontakti kama ile ya king'ora. Kipate umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, si kupitia NC, ili kiwe hai muda wote; ingizo lake la alamu ndilo lifuate king'ora. Laini isajiliwe kwa jina la taasisi, si la fundi atakayehama, na iwe na salio. Ipangie kujituma ujumbe wa "nipo hai" kila wiki. Siku usipouona, kagua.

Hata hivyo wa kwanza kusikia ni mlinzi, naye atakupigia: "Dada, samahani, lile dude la ndani linalia tangu saa tisa, nifanyeje?" Jibu liwe limeshabandikwa mlangoni kwa Kiswahili: namba mbili za kupiga, na mstari mmoja unaosema asifungue friji.

Kujaribu

Usijaribu kwa kubadilisha joto lengwa. Utakuwa umejaribu hesabu, si nyaya. Kwa Pt100 ninatumia rezista za senti chache: omu 100 inasomeka nyuzi 0, omu 110 karibu 25.7, omu 120 karibu 51.6. Rezista za asilimia 1 zinaweza kupotoka kama nyuzi 3, na kwa kazi hii haina neno, mradi omu 100 ya kujaribia friji isomeke chini ya ukomo wa chini.

Zima, chomoa hita, toa sensa. Weka rezista kati ya skrubu za sensa zilizoandikwa A na B, na kama sensa ni ya nyaya tatu unganisha B mbili kwa kipande cha waya. Washa. Friji ikipewa omu 100 lazima ilie upande wa chini, ikipewa 110 upande wa juu. Inkubeta ni 110 kwa chini na 120 kwa juu; ila kama umeiachia alamu ya chini subira ya kuwasha, haitalia kwa 110 mpaka kontrola isome kwanza joto lililo ndani ya mipaka. Shika saa uhakikishe muda wa kusubiri ni ule ulioandika. Kisha acha skrubu za sensa wazi kabisa: lazima ilie, na kontakta iachie. Kama sensa yako ni themista (ambayo kwa kawaida ukinzani wake hushuka joto likipanda) badala ya Pt100, jaribio hili ni la lazima zaidi, maana waya wa themista ya kawaida ukikatika unasomeka kama baridi kali, na kontrola mbovu itawasha hita moja kwa moja. Kwa themokapo, gusanisha nyaya zake mbili pia: itasoma joto la chumba bila kulalamika.

Rudisha sensa na hita, subiri joto litulie, halafu chomoa plagi ya ukutani. King'ora kilie papo hapo na SMS itoke. Kiache kilie dakika 30 huku ukipima betri kwa mita. Ikishuka chini ya volti 11 muda huo, ni ya kubadilisha. Mwisho chomoa waya mmoja wa boya.

Andika tarehe, thamani, aina ya alamu pamoja na namba yake, na jina lako kwenye kadi, uiweke ndani ya mlango wa paneli. Jaribio la plagi lirudiwe kila mwezi, lote kila baada ya miezi 6, na kila mara mtu akifungua ngazi ya usanidi hata kama anasema hakugusa kitu.